Kuja Dar kutembea siku mbili tatu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikikaribia sikukuu au likizo za shule meseji zinaanza, kaka nakuja Dar wikiendi hii nipe mpango, dada hoteli nzuri iko wapi, ukitoka Mbezi unapanda gari gani. Majibu ni yale yale kwa hiyo nimeona niyaweke sehemu moja. Hapa naongea na mtu anayekuja kutembea tu, hana harusi wala hajaja kufunga mzigo Kariakoo, na ana siku mbili au tatu. Kinachoniuma ni kwamba watu wengi wanakuja hapa wanarudi kwao wameona foleni, mall moja na chumba cha gesti, af wanasema Dar hamna kitu. Vitu vipo tena vingi, shida ni mpangilio.

Siku mbili zinatosha kweli?

Zinatosha ukikubali sharti moja, siku moja upande mmoja wa jiji. Mkoa huu sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 na wengi wao wanapita barabara chache zile zile, kwa hiyo ukipanga asubuhi Feri, mchana Kunduchi, jioni Kigamboni, ujue utaitalii barabara ya Bagamoyo na barabara ya Kilwa ukiwa umekaa kwenye gari.

Mimi nagawa hivi: mjini kati (Posta, Kivukoni, Kisutu, Kariakoo), upande wa kaskazini (Oysterbay, Msasani, Makumbusho, Mwenge mpaka Kunduchi na visiwani), na Kigamboni ng'ambo. Ukiwa na siku mbili chukua mjini na kaskazini, ya tatu ikipatikana vuka Kigamboni ukapumzike. Usichanganye, na usiniulize kama unaweza kuchanganya kidogo tu, huwezi.

Nije mwezi gani?

Juni mpaka Septemba hali ya hewa iko poa, jua lipo ila halikuchomi na usiku unalala bila kugeuka geuka. Desemba mpaka Machi mwanzoni ni joto la kweli, mtu wa Mbeya au Njombe ajiandae kisaikolojia na aje na nguo nyepesi za pamba. Masika ni Machi mpaka Mei na Aprili ndo yenyewe, mvua ikipiga usiku kucha Jangwani panajaa maji na barabara ya Morogoro inaweza kufungwa pale, sasa kama umelala Kimara na ratiba yako iko Posta siku imeisha hiyo. Vuli ya kuanzia Oktoba huwa haisumbui sana lakini beba mwavuli.

Mwezi wa Ramadhani unaweza kuja vizuri tu, ila mchana migahawa mingi mjini na Kariakoo inafunga au inafunika madirisha, kula kwa staha. Jioni ndo utafurahi, futari zinatoka kila kona, maboga, mihogo ya nazi, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga, yaani kuna watu wanapanga safari kwa ajili ya hiyo tu na nawaelewa.

Nafikaje, na nikifika nashukia wapi?

Kama unatoka Dodoma au Morogoro usihangaike, panda treni ya SGR. Ilianza kubeba abiria Dar hadi Moro Juni 2024 na Dodoma mwezi uliofuata. Faida kubwa kwa mtu wa siku mbili siyo mwendo peke yake, ni kwamba inakushusha katikati ya mji, unatoka stesheni na kijibegi chako uko jirani kabisa na Kariakoo na Posta. Tiketi kata mapema kwa namba ya kitambulisho maana Ijumaa na Jumapili zinajaa.

Mabasi ya mikoani yanaishia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, hii ni tangu 2021, Ubungo ya zamani hamna tena, naiandika kwa sababu bado kuna wazee wanaelekeza wageni "ukifika Ubungo nipigie". Mbezi mpaka Posta ni kilometa 20 na ushee. Ukishuka usimfuate anayekuvuta begi, toka mwenyewe mpaka kwenye daladala za Kariakoo, Posta au Makumbusho, au ita gari kwa apu ukiwa umekaa ndani ya stendi. Basi la kufika saa 11 jioni ni baya kuliko la kufika saa 4 usiku, hilo walishikilie sana wanaotoka Arusha na Mwanza.

Wa ndege, uwanja wa Julius Nyerere uko kama kilometa 12 kutoka mjini. Kabla hujampigia mwenyeji wako soma tiketi inasema jengo la ngapi, jengo la 3 na jengo la 2 siyo mlango mmoja na mwingine, mtatafutana.

Ndugu zetu wa Kenya na Uganda mje na pasipoti au ile hati ya kusafiria ya muda, kitambulisho cha taifa cha kwenu peke yake Tanzania hakitoshi. Cheti cha homa ya manjano beba. Na mifuko ya plastiki iacheni huko huko, imepigwa marufuku tangu Juni 2019.

Nilale wapi?

Lala upande utakaotembea zaidi, mengine yote yanafuata baada ya hapo. Kuna mtu anapata chumba cha bei nzuri Mbezi Beach anafurahi, af ratiba yake yote iko Posta, ile hela aliyookoa inaishia kwenye gari na masaa mawili mawili ya kila siku.

Kwa mtu wa kutembea kwa mguu napendekeza Kisutu, Posta na Upanga, usiku pametulia na asubuhi unatoka tu uko kwenye historia. Kariakoo gesti ni nyingi na bei zake zinaongeleka, ila kelele zinaanza alfajiri na wasukuma mikokoteni hawana Jumapili. Sinza ni kwa anayetaka usiku, baa, nyama choma na muziki viko mlangoni, usingizi utautafuta. Msasani na Masaki pazuri, mfuko uwe umejiandaa. Popote pale omba kuona chumba kwanza, washa feni au eisii, fungua bomba uone maji yanatoka, angalia neti, ndo ulipe.

Natembeaje ndani ya jiji?

Mchanganyiko. Mwendokasi, toka 2016 ndo mkombozi wa barabara ya Morogoro, Kimara mpaka Kivukoni kwa njia yake yenyewe, na matawi ya Kariakoo na Morocco. Ila hali yake inabadilika sana, kuna siku mabasi ni machache na watu wanabanana mlangoni, kwa hiyo muulize mwenyeji asubuhi hiyo hiyo, leo mwendokasi ukoje, ndo uamue. Daladala ziko kila sehemu na ni rahisi, soma kibao cha mbele na mstari wa rangi ubavuni, mwambie konda "nishushe kituo fulani" mapema, na beba hela ndogo ndogo, kumpa konda elfu kumi saa 12 asubuhi ni kumkosea.

Bajaji ni nzuri kwa safari fupi, patana kabla hujapanda. Bodaboda inakata foleni lakini mgeni asiyezoea mimi simshauri barabara kubwa, na ukipanda vaa helmeti. Magari ya apu yapo mengi, hakikisha namba ya gari inalingana na ya kwenye simu.

Masaa ya foleni ni saa 12 mpaka saa 3 asubuhi kuelekea mjini, na saa 10 mpaka saa 2 usiku kutoka mjini. Wewe mgeni nenda kinyume chake, hilo tu litakupa nusu siku ya bure.

Nina asubuhi moja tu mjini, nianzie wapi?

Hili ndo swali ninalolipenda. Anzia Feri, soko la samaki Magogoni, saa 12 au saa 12 na nusu. Ndo muda ngalawa na mashua zinaleta, mnada unaendelea, dalali anapiga kelele, kina mama wauza samaki wanapatana kwa vidole, kuna jodari, kolekole, changu, pweza, ngisi, kamba. Vaa viatu vinavyofungika maana chini kuna maji, na usisimame njiani kwa mwenye tenga kichwani. Upande wa kukaangia kuna moto wa mafuta tokea asubuhi, samaki moto na kachumbari na ndimu, kunywa chai hapo.

Ukitoka hapo shika barabara ya Kivukoni bahari ikiwa kushoto kwako. Tembea taratibu, meli zinaingia karibu kabisa, mlango wa bandari hii ni mwembamba mpaka mtu wa mara ya kwanza anashangaa meli kubwa vile inapitaje. Utafika kanisa la Kilutheri la Azania Front lenye mapaa ya vigae vyekundu, mbele kidogo Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lenye mnara mrefu, yote mawili yalimalizika 1902 wakati wa Wajerumani. Ingia Mtakatifu Yosefu kama hamna misa, ukae dakika tano kimya uangalie vioo vya rangi.

Karibu na hapo iko Boma la Kale, na mtu akiniambia amekuja Dar hakuliona nasikitika kabisa. Ni jengo la Sultani Majid wa Zanzibar, la miaka ya 1866 na 1867, yaani lilikuwepo kabla Mjerumani hajafika, alilijenga kwa ajili ya wageni wake alipokuwa anakigeuza kijiji cha Mzizima kuwa mji. Kuta za mawe ya matumbawe, dari ya boriti za mikoko, mlango wa kuchonga. Tangu 2017 ndani yake kuna kituo cha urithi wa majengo ya Dar chenye picha na maelezo ya mji ulivyokua, na ukishazipitia ukatoka nje unaanza kuyaona majengo ya mtaa wa Samora kwa macho mengine, baraza za Wahindi, roshani, ghorofa za miaka ya hamsini, na unajua zipi zimeshabomolewa.

Rudi kwa Samora mpaka sanamu ya Askari, iliwekwa 1927 kukumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ameshika bunduki ameielekeza bandarini. Soma maandishi yake, kuna Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Watu elfu wanapita hapo kwa siku wakiwahi ofisini. Endelea na Samora mpaka bustani ya mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani 1893, kuna kivuli kizuri na mitausi inatembea. Pembeni kuna Ukumbi wa Karimjee ambako Bunge lilikuwa linakutana, na Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert, yalifunguliwa 1940. Hapo utapata habari za fuvu la Zinjanthropus lililofukuliwa Oldupai 1959, chumba cha utumwa na ukoloni, harakati za uhuru, na magari waliyotumia viongozi wetu. Uwani kuna kumbukumbu ya waliokufa kwenye bomu la ubalozi wa Marekani, Agosti 7, 1998. Tenga saa moja na nusu. Ukitoka ni kama saa 6, jua limekolea, ndo ukale.

Njia yote hiyo ni ya miguu. Jumamosi na Jumapili ndo nzuri zaidi, Posta inakuwa nyeupe.

Kariakoo niende?

Nenda hata kama hununui kitu. Lile soko lenye miavuli ya zege alilichora Beda Amuli, msanifu majengo wa Kitanzania, likafunguliwa 1975, Julai 2021 likaungua. Mimi nalihesabu kati ya majengo bora kabisa ya nchi hii, simama mbali nalo kidogo uangalie yale mapaa. Mitaa ya pembeni ndo maisha, kila mtaa na bidhaa yake, vitenge sehemu yake, simu sehemu yake, vyombo sehemu yake.

Begi vaa mbele, simu mfukoni, hela ya matumizi mfuko mmoja na akiba mwingine. Bei ya kwanza unayotajiwa siyo bei, ongea kwa adabu na ucheke nao utapunguziwa. Na usiende Desemba karibu na Krismasi labda uwe na sababu kubwa sana.

Upande wa kaskazini kuna nini zaidi ya fukwe?

Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo. Kipo tangu 1967, ni nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi kwenye uwanja mmoja, unaingia ndani unaona jiko, kitanda, ghala. Mwambie anayekutembeza akuonyeshe ya kwenu kwanza, af umsahihishe, huwa yanazaliwa mazungumzo mazuri hapo. Mchana mara nyingi kuna ngoma, ulizia getini.

Kutoka hapo Mwenge ni karibu, kwa wachonga vinyago. Mpingo unaujua kwa uzito, ushike, na ukae na fundi aliye kazini badala ya kununua dirishani. Kwa picha nenda Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora maeneo hayo hayo miaka ya mwisho ya sitini kwa rangi za kupakia baiskeli kwenye vipande vya mbao, akafariki 1972, na ndugu na wanafunzi wake wameendeleza mpaka leo. Utawakuta wanachora mbele yako. Ukinunua muulize jina lake aliyechora na akuandikie nyuma.

Bahari: Coco, Bongoyo au Mbudya?

Coco ni ya jioni. Mihogo ya kukaanga na pilipili, mishkaki, madafu, watoto, mpira, Jumapili utakuta nusu ya Kinondoni ipo. Kuogelea pale inategemea maji, yakiwa yamekupwa ni mawe na yakijaa kuna mkondo, waulize wenyeji kwanza.

Visiwa ni vya siku nzima. Bongoyo boti zinatokea Slipway Msasani, Mbudya zinatokea Kunduchi. Mimi naipendelea Mbudya, mchanga mweupe, maji yanaonyesha mpaka chini, na samaki wanakuchomea hapo hapo na chipsi. Ni hifadhi ya bahari kwa hiyo kuna kiingilio juu ya nauli ya boti, beba keshi, nenda saa 3 asubuhi na upatane saa ya kurudi kabla boti haijaondoka. Usipande boti ambayo hawajakupa jaketi la kuokolea, hata kama wenzako wote wamepanda. Upepo wa kusi ukikaza bahari inachafuka, siku hiyo ahirisha tu.

Ukiwa Kunduchi na una hamu ya mambo ya kale ulizia magofu, kuna msikiti wa zamani na makaburi ya nguzo yaliyopachikwa bakuli za Kichina. Watu hawaendi kabisa na mimi sielewi kwanini.

Kigamboni nipite pantoni au darajani?

Pantoni, kwa mtalii hamna mjadala. Nauli ni ndogo mno, dakika chache tu, na ndo picha bora ya jiji lote ukiwa majini. Kurudi ndo unaweza kupita daraja la Nyerere, Kurasini, lile la mita 680 lililofunguliwa 2016. Fukwe za ng'ambo zina nafasi na utulivu kuliko za mjini, nyingi unalipa kiingilio kidogo au unaagiza chakula.

Nile nini na wapi?

Mchana kwa mama ntilie, wali maharage na samaki, au ugali na dagaa wa nazi, angalia foleni ya watu wa ofisi ilipo ukae hapo. Kisutu na mitaa ya Wahindi jioni kuna bajia, kachori, mishkaki ya mkaa, kuku wa kuchoma na naan, meza ziko barabarani. Chipsi mayai popote saa yoyote. Usiku ukisikia kengele ya vikombe ni muuza kahawa, chungu na kashata, kaa kwenye benchi na wazee, amkia vizuri, sikiliza Simba na Yanga zinavyochambuliwa. Maji kunywa ya chupa.

Mechi ya Simba au Yanga naweza kuona?

Ukibahatika ratiba ikakubali, nenda. Uwanja wa Mkapa unaingiza watu 60,000, tiketi ni za kadi ya N-Card, kata mapema na utangulie masaa kadhaa. Siku ya dabi usipange kitu kingine chochote, wala usikae jukwaa la wenzio na jezi ya kwenu.

Usalama ukoje? Na picha?

Dar ni mji wa watu wema kwa sehemu kubwa, ukipotea muulize mtu mzima mwenye duka, salimia kwanza, shikamoo baba, samahani naomba kuelekezwa, utapelekwa mpaka mlangoni. Wizi wa kawaida ni simu, mtu wa pikipiki anapita anakwapua, kwa hiyo usisome ramani umesimama ukingoni mwa barabara, ingia dukani. Usiku fukweni na njia zisizo na taa usitembee.

Picha piga kwa wingi ila siyo Ikulu, ambayo iko jirani kabisa na Feri, siyo bandarini, kambini, wala askari. Na wavuvi na wauzaji waombe kwanza, ukinunua kitu kidogo hawakatai.

Hela nibebeje?

Keshi kiasi kwa siku, iliyobaki kwenye simu. Lipa namba iko mpaka kwa muuza madafu, kadi ya benki ni mahoteli na maduka makubwa. Mnaotoka nje badilisheni fedha benki au kwenye maduka yenye leseni, msibadilishe kwa mtu wa barabarani hata akitaja bei tamu.

Nikiunganisha na Zanzibar au Bagamoyo je?

Siku mbili? Hapana. Boti ya Zanzibar ni kama saa mbili kwenda, utafika Mji Mkongwe uangalie saa ya kurudi, na Zanzibar haistahili hivyo. Bagamoyo, kama kilometa 70, inawezekana siku ya tatu badala ya Kigamboni, uondoke saa 12 asubuhi uone magofu ya Kaole na mji mkongwe, ila basi na visiwa usahau.

Nakuja na watoto na bibi yao.

Punguza nusu. Pantoni watoto wataikumbuka mwaka mzima, Kijiji cha Makumbusho bibi ndo atakuwa mwalimu, na Coco jioni. Ile njia ya Kivukoni ifanyeni kwa bajaji mkishuka kila kituo.

Siku ya kuondoka nitoke saa ngapi?

Basi la saa 12 asubuhi, lala Mbezi au Kimara usiku ule, utakuja kunishukuru. Ndege ya jioni, toka mjini masaa manne kabla, barabara ya Nyerere ikifunga haina huruma. Treni, fika saa moja na zaidi kabla kwa sababu ya ukaguzi wa mizigo, milango ikifungwa imefungwa. Na samaki wa Feri wafungishe na barafu kwenye ndoo yenye mfuniko, waulize kabisa watu wa basi kama wanapokea, wengine wanakataa dakika ya mwisho mkiwa mlangoni.